Jinsi ya Kuanzisha Fani Ndogo ya Sayansi Chuo Kikuu: Mwongozo kwa Mhadhiri Anayeanza

Tangu fani yetu ndogo ya Sayansi ya Pwani ipate wanafunzi wake wa kwanza, hazipiti wiki mbili bila mwalimu mwenzangu kunipigia simu, au kunisimamisha baada ya swala ya Ijumaa hapa Malindi, pwani ya Kenya, akiniuliza maswali yale yale. Kozi ziwe ngapi? Ni lazima twende kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu? Mashua italipiwa na nani? Nimeona ni heri niyaandike majibu mahali pamoja na kwa utaratibu, ili anayeanza leo asipoteze mwaka mzima kama tulivyoupoteza sisi.

Fani ndogo ni kundi la kozi chache zenye mwelekeo mmoja, ambazo mwanafunzi huzisoma sambamba na fani kuu ya shahada yake, na ambazo jina lake huandikwa katika hati yake ya matokeo. Si shahada, wala si cheti cha kujitegemea. Mwanafunzi wa utalii hubaki kuwa mwanafunzi wa utalii. Anachoongeza ni uwezo wa kusoma jedwali la maji, kupima chumvi ya bahari, na kueleza kwa takwimu kile kinachoyapata matumbawe yaliyo mbele ya hoteli atakayoajiriwa.

Jambo moja nataka ulishike tangu mwanzo, kwa kuwa hatua zote zinalizunguka. Walimu wengi huiogopa Seneti, kikao cha juu cha chuo kinachoamua mambo ya masomo, lakini kinachoiua fani ndogo kwa kawaida ni ratiba. Pendekezo lililoandikwa vizuri litapita vikaoni hata likirudishwa mara mbili. Fani ambayo saa zake zinagongana na kozi za lazima za wanafunzi inaowatarajia haitapata mtu, na hakuna kikao kitakachoweza kuinusuru. Ndiyo maana katika mwongozo huu ratiba imetangulia silabasi, ingawa ofisi nyingi zitakutaka ufanye kinyume.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Sheria za masomo za chuo chako, toleo linalotumika sasa. Usitegemee nakala iliyo kwenye kompyuta ya idara. Iombe kwa msajili wa taaluma.
- Mitaala iliyoidhinishwa ya kila programu unayotarajia itoe wanafunzi.
- Ratiba za masomo za mihula miwili iliyopita, kama zilivyotumika kwa kweli baada ya marekebisho yote ya wiki za mwanzo.
- Orodha ya wahadhiri pamoja na saa wanazofundisha kila mmoja.
- Hesabu ya vifaa vya maabara vinavyofanya kazi. Vihesabu kwa mkono wako, ukiwa na fundi wa maabara. Daftari letu lilionyesha hadubini 18. Zilizowaka taa na kuonyesha kitu zilikuwa 11.
- Wenzako wawili kutoka idara tofauti na yako, walio tayari kutia sahihi majina yao.
- Jedwali la kupwa na kujaa kwa maji la mwaka mzima, ikiwa fani yako itagusa bahari, mikoko au mlango wa mto.
- Muda. Kwetu kazi ilichukua miezi 20 kutoka mkutano wa kwanza hadi somo la kwanza.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kuandika jina

Wengi huanza na jina zuri, kisha hutafuta kozi za kulijaza. Anza na swali moja ambalo mwanafunzi atakayemaliza ataweza kulijibu, na ambalo asingeweza kulijibu kwa fani yake kuu peke yake.

Swali letu lilitoka ufukweni. Kila mwaka kuna miezi ambapo bahari ya Malindi hugeuka rangi ya hudhurungi, na wageni huuliza kama maji ni machafu. Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Athi na kisha Galana, huingia baharini kaskazini mwa mji wetu, nao hubeba udongo uliomomonyoka kutoka bara. Kaskazi inapovuma, tope hilo husukumwa kusini kuelekea ghuba ya mji na matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi. Kusi inapovuma, hugeuka na kuelekea upande wa Mambrui na Ghuba ya Ungwana. Tukaandika hivi: tope linatoka wapi, linakwenda wapi kwa msimu upi, na linawafanyia nini samaki, matumbawe na watu wanaowategemea? Ili kulijibu, mwanafunzi anahitaji jiolojia kidogo, fizikia ya mawimbi, biolojia ya bahari, na takwimu. Hakuna idara moja yenye vyote hivyo, na hapo ndipo fani ndogo inapopata haki ya kuwapo.

Tahadhari: ikiwa swali lako linajibiwa na kozi moja iliyopo, huhitaji fani ndogo. Iboreshe kozi hiyo.

Hatua ya 2: Wajue wanafunzi wako kwa idadi na kwa programu

Andika kila programu itakayotoa wanafunzi, idadi yao kwa mwaka, na hesabu waliyosoma sekondari. Kisha keti nao, kwa vikundi vya watu kumi hivi, uwaulize wana nafasi ngapi za kozi za hiari na katika mwaka gani. Dodoso la mtandaoni litakuletea asilimia kubwa ya "ndiyo", kwa kuwa kusema ndiyo hakugharimu kitu. Mazungumzo ya uso kwa uso ndiyo yatakayokuambia kwamba wanafunzi wa biashara hawana nafasi ya hiari kabla ya mwaka wa tatu.

Wanafunzi wa ualimu wanahitaji maelezo ya pekee. Tume ya Huduma za Walimu (TSC) huwataka wawe na masomo mawili ya kufundishia, na wengi hudhani fani ndogo itawapa somo la tatu. Waeleze waziwazi, kwa maandishi, kwamba kozi chache za Sayansi ya Pwani hazimfanyi mtu kuwa mwalimu wa biolojia. Tulipochelewa kusema hivyo, tulijikuta na vijana watatu waliokuwa wamejenga matumaini juu ya jambo lisilokuwapo, na lilinihuzunisha sana, kwa sababu kosa lilikuwa letu.

Ukiandika masharti ya kujiunga, usiyafunge kwa alama za KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari wa mtaala wa 8-4-4) peke yake. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wanatarajiwa kufika vyuo vikuu mwaka 2029, na masharti yaliyoandikwa leo yatawakuta.

Hatua ya 3: Hesabu kozi zilizopo kabla ya kutunga mpya

Pitia mitaala ya idara zote za sayansi ukiwa na kalamu nyekundu. Kila kozi inayogusa swali lako, iandike pamoja na idara yake, mwaka wake, kozi tangulizi zake, na mara ya mwisho ilipofundishwa. Jambo hili la mwisho ni muhimu mno, kwa maana mitaala mingi ina kozi ambazo zimo kwenye karatasi lakini hazijapata mwalimu kwa miaka.

Lengo liwe kwamba angalau theluthi mbili ya kozi zako ziwe zinafundishwa tayari. Kila kozi mpya inadai mwalimu, chumba, mtihani, mtahini wa nje na fedha. Mkuu wa kitivo akiona kozi sita mpya, atauliza walimu watatoka wapi, na hutakuwa na jibu.

Hatua ya 4: Lipe kundi la kozi umbo

Sisi tulifuata umbo la kozi sita za krediti tatu kila moja, yaani krediti 18. Sheria za chuo chako zinaweza kutaka zaidi au pungufu, kwa hiyo zisome kwanza. Kozi ya kwanza ni utangulizi wa bahari na pwani, ambayo ni mpya na ya lazima, na inafundishwa kwa mtu asiye na msingi wa sayansi wa chuo kikuu. Ya pili ni takwimu, ambayo ilikuwapo. Kisha mwanafunzi huchagua kozi tatu kati ya tano za hiari: ikolojia ya mikoko, jiolojia ya pwani, kemia ya maji, uvuvi na jamii, na ramani za kompyuta. Ya sita ni mradi mfupi wa kukusanya na kuchambua data, nayo ni mpya.

Usizidishe hiari. Kila kozi ya hiari inayoongezwa huwagawa wanafunzi wachache ulio nao, na vyuo vingi hufuta darasa lisilofikia idadi ya chini.

Kuna makosa mawili yanayorudiwa katika hatua hii. La kwanza ni kozi tangulizi zilizofichika: unamwambia mwanafunzi fani ina kozi sita, kumbe kemia ya maji inadai kozi mbili za kemia kabla yake, na sita zimekuwa nane. Ama iombe idara husika iondoe sharti hilo kwa wanafunzi wa fani yako, ama iache kozi hiyo. La pili ni kozi kuhesabiwa mara mbili. Mwanafunzi wa biolojia tayari anasoma ikolojia ya mikoko katika fani yake kuu. Je, imhesabie na huku? Amueni mapema na muandike. Sisi tuliruhusu kozi moja tu ihesabiwe pande zote mbili.

Hatua ya 5: Hesabu saa za maabara kwa ukweli wake

Kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu huchukulia mhadhara wa saa moja kuwa sawa na maabara ya saa tatu. Kozi ya saa 45 za kufundishia inaweza basi kuwa na mihadhara ya saa 30, na saa 15 zilizobaki zikawa maabara, ambayo kwa mwanafunzi ni saa 45 za kusimama mezani, sawa na saa tatu kila wiki kwa wiki 15.

Sasa chukua darasa la wanafunzi 60 na maabara yenye nafasi 20. Utawagawa makundi matatu. Mwanafunzi bado ana saa 45, lakini mwalimu na fundi wa maabara wana saa 135, na ukijumlisha mihadhara, mwalimu amefikia saa 165 kwa kozi inayoandikwa saa 45. Weka hesabu hiyo ndani ya pendekezo lako. Ukiificha ili pendekezo lionekane jepesi, atakayeibeba ni fundi wa maabara, ambaye hakualikwa kwenye kikao chochote.

Vifaa visikutishe sana. Sahani ya Secchi, inayopima jinsi maji yalivyo maangavu, ni sahani nyeupe ya kipenyo cha sentimita 30 inayoshushwa majini kwa kamba yenye alama hadi isionekane tena. Yetu ilitengenezwa na fundi wa bati hapa mjini: alikata bati nene, akatoboa tundu katikati, sisi tukapaka rangi, tukafunga kipande cha risasi ya wavu chini yake ili isipeperushwe na mkondo, na tukatia alama kamba kila nusu mita kwa uzi mwekundu. Fremu za mraba za nusu mita kwa nusu mita tulizikata kutoka mabomba ya plastiki ya maji. Kifaa tulichonunua ni refraktomita ya kupimia chumvi, na wanafunzi huifurahia, kwa sababu wakiwa bahari kuu huona inakaribia 35 kwa elfu, kisha wakikaribia mlango wa Sabaki huiona ikishuka hatua baada ya hatua.

Hatua ya 6: Panga ratiba kabla ya silabasi

Chora jedwali kubwa la juma zima, saa kwa saa. Chukua programu ya kwanza kati ya zile za hatua ya 2, na upake rangi kila saa yenye kozi ya lazima kwa mwaka husika. Fanya hivyo kwa programu zote juu ya jedwali lile lile. Saa zitakazobaki nyeupe ndizo mali yako. Kwetu, baada ya programu tano, zilibaki nafasi mbili tu za saa tatu: Jumatatu kuanzia saa kumi alasiri, na Alhamisi kuanzia saa moja asubuhi. Kozi mbili za lazima zikawekwa humo, na tukaandika ndani ya pendekezo kwamba nafasi hizo zisiguswe.

Kazi za nje zina sheria yao wenyewe, na hapa ndipo tulipokosea vibaya. Muhula wa kwanza tulipanga kwenda Mayungu kila Jumanne saa nne asubuhi, kuhesabu viumbe wa mwambani. Jumanne ya kwanza ilikuwa njema. Jumanne ya pili tulishuka kwenye basi na wanafunzi 31, fremu mikononi, tukakuta mwamba wote umefunikwa na maji. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu chini ya mkungu alitutazama, akaniita kando kwa upole: "Mwalimu, ungeniuliza. Leo ni maji mafu. Njooni mwezi ukiandama, asubuhi kama hii, mtatembea mpaka mwisho wa mwamba."

Alichosema kinaweza kuandikwa kama kanuni ya ratiba. Katika pwani yetu, bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana, huja siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3, na kupwa kwa mchana huangukia kati ya saa nne na saa tano asubuhi hivi. Siku za maji mafu, tofauti hiyo inapokuwa ndogo, karibu juma moja baadaye, saa hiyo hiyo maji huwa yamejaa au yanakaribia kujaa. Kwa hiyo Jumanne moja inafaa, inayofuata haifai. Wala huwezi kusema "Jumanne moja ndiyo, moja hapana" ukamaliza, kwa sababu kutoka bamvua hadi bamvua ni siku 14 na robo tatu hivi. Mpango wa kila wiki mbili huachwa nyuma kidogo kidogo, na kufikia wiki ya 15 umepotoka kwa siku tano.

Fanya hivi basi. Chukua jedwali la maji, zungushia asubuhi zote za bamvua ndani ya muhula, na uchague tano. Ondoa zinazoangukia mitihani ya kati na sikukuu. Ijumaa ikichaguliwa, hakikisha mmerudi mjini mapema kwa ajili ya swala. Jumamosi ikichaguliwa, waulize wanafunzi Wasabato kabla ya kuandika. Peleka tarehe hizo tano kwa ofisi ya ratiba kabla muhula haujafunguliwa, zikiwa tarehe kamili wala si jina la siku, na uombe barua ya ruhusa itakayopelekwa kwa wahadhiri wa kozi nyingine za asubuhi hizo. Wiki zilizobaki zitumie ndani ya maabara, kwa kuchambua kile kilicholetwa.

Hatua ya 7: Tafuta ruhusa na usalama

Ndani ya hifadhi ya bahari, iliyotangazwa mwaka 1968, huingii na darasa bila idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Kwa mikoko, zungumza na Huduma ya Misitu (KFS); wenzangu wa Lamu, ambako ndiko kwenye sehemu kubwa kabisa ya mikoko ya Kenya, watalihitaji hili zaidi yetu. Mradi wa mwanafunzi ukiwa ni utafiti hasa, uliza kuhusu leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Na kabla ya ofisi hizi zote, nenda kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU) cha mahali mnapokwenda, ujieleze, na usikilize.

Kila aliye ndani ya mashua avae jaketi la kuokolea, hata aliyezaliwa ufukweni. Nahodha akisema hatuendi, hamwendi, na mwanafunzi asipoteze alama kwa sababu hiyo.

Hatua ya 8: Andika pendekezo

Sasa ndipo silabasi inapokuja. Pendekezo liwe na swali la fani na sababu zake, programu zitakazotoa wanafunzi, orodha ya kozi na umbo lake, silabasi kamili za kozi mpya, walimu kwa majina na saa zao, vifaa vilivyopo na vinavyohitajika, ratiba, bajeti, na barua za idara zote zilizokubali kozi zao zitumike. Barua hizo ni afadhali kuliko kurasa kumi za nadharia. Kurasa 25 zinatosha.

Katika silabasi, andika kile mwanafunzi atakachoweza kufanya, kwa vitenzi vinavyopimika. "Kuelewa mikoko" hakupimiki. "Kutofautisha mkoko, mchu na mkandaa kwa mizizi na majani, na kukadiria idadi ya miche katika eneo lililopimwa" kunapimika, na mtahini wa nje ataweza kukutungia swali juu yake.

Hatua ya 9: Lipitishe vikaoni

Njia ya kawaida ni idara, bodi ya kitivo, kamati ya mitaala, kisha Seneti. Chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, programu za masomo huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu; kwa hiyo mwandikie msajili mapema, umwombe akujibu kwa maandishi iwapo pendekezo lako linahesabiwa kuwa programu mpya au marekebisho ya programu zilizokwisha kuidhinishwa. Jibu hilo ndilo litakaloamua kama kazi yako inaishia Seneti au inaendelea mbele, na lisipopatikana mwanzoni litaulizwa mwishoni, wakati kila mtu amechoka.

Watembelee wajumbe wa bodi mmoja mmoja kabla ya kikao, hasa anayeelekea kupinga. Mpelekee nakala, umuulize angependa nini kibadilike, na ukibadilishe kama kina haki. Yeye huwa ameona kasoro ambayo rafiki zako wameifumbia macho.

Hatua ya 10: Ihakikishe ndani ya mfumo wa usajili

Idhini ya Seneti haiandiki jina la fani kwenye hati ya matokeo. Hilo hufanywa na mfumo wa kompyuta. Nenda ofisi ya TEHAMA na kumbukumbu za kikao mkononi, omba misimbo ya kozi mpya, kisha omba mwanafunzi mmoja wa majaribio asajiliwe kozi zote sita, apewe alama za kubuni, na hati yake ichapishwe. Soma karatasi hiyo kwa macho yako. Yetu ya kwanza ilikuwa na kozi zote sita na haikuwa na jina la fani popote.

Hatua ya 11: Anza na kundi dogo

Pokea wanafunzi wasiozidi idadi ya viti vya maabara kwa mwaka wa kwanza, hata kama waliojiandikisha ni wengi. Kila mmoja apewe mshauri wa masomo na karatasi moja inayoonyesha muhula upi atasoma kozi ipi hadi amalize.

Mambo yanapokwama

*Wanafunzi wanaipenda fani lakini hawajiandikishi.* Rudi kwenye jedwali la hatua ya 6. Mara nyingi kuna programu iliyobadilisha saa ya kozi ya lazima bila kukuarifu. Kagua ratiba mpya kila muhula siku inapotolewa, kabla haijazoeleka.

*Idara nyingine inalalamika kwamba mmechukua kozi yake.* Onyesha kwamba kozi imebaki kwake, mwalimu ni wake, na wanafunzi wa ziada wanahesabiwa katika takwimu zake. Ikiwa hamkuwa na barua yake ya kukubali, ombeni radhi na muipate sasa.

*Seneti imerudisha pendekezo.* Omba kumbukumbu za kikao, jibu kila hoja kwa nambari katika barua ya kurasa mbili, na uonyeshe ukurasa uliobadilika. Usilete pendekezo jipya zima lisilo na alama za mabadiliko, kwa kuwa wajumbe watalisoma upya na kupata hoja nyingine.

*Wanafunzi wa biashara na utalii wanaanguka katika takwimu.* Chunguza daftari zao kabla ya kulaumu msingi wao. Kwetu tatizo lilikuwa vipimo: walichanganya sentimita na mita, wala si hesabu yenyewe. Vipindi viwili vya mazoezi mwanzoni mwa muhula, kwa kutumia data za chumvi na uangavu walizopima wenyewe, viliondoa sehemu kubwa ya tatizo.

*Vifaa vimekwama kwenye manunuzi.* Panga muhula wa kwanza kwa vifaa ulivyovihesabu na vile unavyoweza kutengenezewa mjini. Kozi isiyoweza kuanza bila kifaa kimoja cha bei kubwa isiwe ya lazima.

*Mwalimu wa kozi ya lazima amehama.* Kila kozi ya lazima iwe na mwalimu wa pili aliyekwisha kuifundisha angalau wiki tatu, na maandalio yote ya mihadhara na maabara yawekwe idarani, si kwenye kompyuta ya mtu binafsi.

*Safari imeharibika kwa sababu ya mvua au upepo.* Katika orodha ya asubuhi za bamvua ulizozungushia, zibaki mbili za akiba ambazo ofisi ya ratiba inazijua tangu mwanzo. Sabaki ikifurika na maji yakawa ya hudhurungi hadi ufukweni, usiahirishe safari ikiwa mahali pa kusimama ni salama: shusheni sahani ya Secchi kutoka kwenye gati la mji, msome kina inapopotea, na muandike tarehe. Vipimo vya siku kama hiyo ndivyo ambavyo mradi wa mwaka wa mwisho utavihitaji zaidi.